Kapu la Mbavu

Saa tano usiku, Pangani, ghorofa ya nne.
Tokeni za stima zimebaki mbili nukta moja
na picha iko tayari tangu jioni:
Kavata, fundi wa miavuli, kwenye ngazi za Luthuli,
sindano mdomoni, mvua ya Aprili mgongoni.

Kabla haijapokelewa naulizwa swali moja:
waiachia kwa leseni gani?
Vijisanduku vimepangwa kama vikombe mbele ya mgeni
na mimi, Lumbasi, niliyezoea kubonyeza tu,
leo kidole kimeingia baridi.

Haki zote zimehifadhiwa. Zimehifadhiwa wapi?
Mwaka juzi niliikuta picha yangu ya korongo wa Nyayo
kwenye kalenda ya bucha, Kawangware.
Walikata jina langu pamoja na mti,
wakamwacha ndege akikanyaga bei ya matumbo.
Nilinunua robo kilo. Sikusema kitu.

Basi nianze na hili: nitajwe.
Jina halili ugali,
lakini lisipoitwa hufa njaa.

Kisha: pasiwe na biashara.
Nikatia alama, nikajisifu.
Halafu nikamkumbuka Mwalimu Nyaboke wa Huruma
anayechapa vijitabu vya ufundi
na kuviuza shilingi arobaini, arudishe pesa ya karatasi.
Sharti langu lingemkamata yeye, msomaji wa masharti,
na mwenye bucha asijue hata kwamba lipo.
Nikafuta alama.

Kisha: pasiwe na kubadili.
Picha ibaki nilivyoipiga, na kivuli chake, na—
stima ikazima.

Asubuhi nilimweleza Kavata kwa maneno mengi,
hakimiliki, leseni huria,
kwamba nikishatoa ruhusa sitaweza kuirudisha,
maji yakimwagika hayazoleki.
Alinisikiliza huku akipasua mwavuli wa kijani.
Kisha akavuta kapu kwa mguu.
Mbavu. Mbavu za miavuli iliyokufa,
zimelaliana kama dagaa.

"Huu ninaoushona una watu watatu ndani," akasema.
"Kitambaa cha bibi harusi, mpini wa mchungaji,
mbavu za karani wa Posta aliyeusahau wake hapa.
Sasa niambie umetengenezwa na nani.
Mimi nawatajia wote, mteja akiuliza.
Na ukivunjika tena, mbavu zirudi kapuni.
Asije mtu akazifungia kabatini
eti kwa sababu alilipa."

Nilisimama pale kama mwanafunzi
aliyeonyeshwa jibu
kabla hajamaliza kusoma swali.

"Na uso je?"

Hapo ndipo alipoitoa sindano mdomoni.
"Uso haumo kapuni.
Picha ni yako, nakubali, kamera uliibeba wewe.
Lakini uso huu unadaiwa kodi Dandora,
unajulikana kanisani,
na sitaki siku moja nikutane nao ukutani
ukiuza dawa ya meno.
Mikono chukua. Mikono imezoea kutumwa."

Usiku nikanunua tokeni za mia.
Nikakata picha chini ya kidevu.
Mwanga wa shavu la kushoto ulikwenda na maji,
ule mwanga niliousubiri dakika ishirini nikilowa,
na sitaficha, uliniuma.
Nikachagua: tumia, badili, uza ukipenda;
taja jina,
na utakachokizaa kiwe wazi vilevile.

Penye nafasi ya mwenye kazi nikaandika
Picha: Lumbasi.
Nikasita. Nikaongeza
Mikono: Kavata, Luthuli, mbele ya duka la redio.
Hili nilikuwa nimemwomba ruhusa. Alicheka,
akanitajia herufi moja moja nisikosee.

Kisha nikabonyeza.
Nje mvua ilikuwa imeanza tena
na mwavuli wangu, nikakumbuka,
niliuacha kwake.